Mali ya Abdulla, Maana ya Mvaaji

Katika kanga nyingi za pwani, karibu na jina, yaani msemo uliochapwa, utakuta herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Ni alama ya nyumba ya biashara ya Mombasa ya Kaderdina Hajee Essak, yaani huyo Abdulla, iliyoanzishwa mwaka 1887, na kwa vizazi imemhakikishia mnunuzi kwamba doti aliyoishika si ya kubabaisha. Kitambaa kilikuwa mali ya Abdulla kweli. Rangi, mji, pindo na maneno vilipita mikononi mwake kabla ya kufika sokoni. Lakini doti ile ikishatoka dukani, maana ya maneno yake haikuwa tena mali ya Abdulla. Mwanamke aliyeinunua aliikata, akaipinda, akajitanda, akapita nayo taratibu mbele ya mlango wa jirani waliyegombana naye juzi. Maneno yaliyochapwa kwa ajili ya maelfu yakawa yanamhusu mtu mmoja, kwa jambo moja, jioni ile ile. Na jirani akithubutu kuuliza, jibu lilikuwa limeshaandaliwa: mimi nimevaa kanga tu. Mtafiti Rose Marie Beck, aliyeichunguza kanga kama chombo cha mawasiliano, ameonyesha kwamba nguvu yake imo katika utata huo, kwamba mvaaji husema bila kusema. Mtaa mzima hata hivyo ulijua nani kasemwa na nani kasema. Hakuna aliyekwenda Mombasa kumlaumu Abdulla.

Nimeanza na kanga kwa sababu picha za vichekesho zinazozunguka katika simu zetu, zile ambazo dunia imezizoea kwa jina la meme, hupita njia hiyo hiyo, ila kwa kasi ambayo mtaa hauwezi kuifuata. Hata neno lenyewe limemtoroka aliyelibuni. Mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins alilitunga mwaka 1976 katika kitabu chake The Selfish Gene, akilifupisha kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichoigwa. Alitaka kueleza jinsi wazo, wimbo au mtindo wa mavazi unavyorithishwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama jeni zinavyorithishwa kutoka mwili hadi mwili. Mwaka 2013 yeye mwenyewe alikiri kwamba intaneti imeliteka neno lake, na akataja tofauti kubwa: katika nadharia yake mabadiliko hutokea kwa bahati nasibu, na katika intaneti watu huyafanya kwa makusudi. Wasomaji wengi waliichukua kauli hiyo kama dokezo la mtaalamu anayelinda istilahi yake. Kwangu mimi ndicho kiini cha suala zima. Meme haibadiliki kama mbegu iliyopeperushwa na upepo. Kila mahali ilipogeuka maana, pana mkono wa mtu aliyeigeuza na mikono ya watu walioipokea wakaipeleka mbele. Tunaposema kwamba imemponyoka mwenyewe, tunasema nusu ya habari, maana kitu kilichomponyoka mtu mmoja kimeshikwa na mwingine.

Mfano uliofuatiliwa hatua kwa hatua kuliko yote ni ule wa chura wa Marekani anayeitwa Pepe. Mchoraji Matt Furie alimtoa hadharani mwaka 2005 katika vibonzo vyake vya Boy's Club, vinavyohusu vijana wanne wavivu wanaokaa nyumba moja. Katika kibonzo kimoja Pepe anajisaidia haja ndogo akiwa ameshusha suruali hadi chini, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba anajisikia vizuri. Basi, hapakuwa na siri yoyote ndani yake. Kufikia mwaka 2008 uso wa chura huyo ulikuwa umeshakatwa kutoka kwenye kibonzo na kuanza kuzunguka katika jukwaa la 4chan, ambako watu huandika bila majina. Pale alichorwa upya akiwa na huzuni, kisha akiwa na hasira, kisha akiwa na lile tabasamu la kujiona. Mwaka 2014 waimbaji Katy Perry na Nicki Minaj walimweka katika kurasa zao, akawa wa kila mtu. Hapo ndipo baadhi ya wakazi wa lile jukwaa, waliomwona kuwa ni wao, walipoamua kumchafua makusudi ili watu wa kawaida wamkinai. Walimvisha alama za Wanazi na kumtia maneno ya kuwatukana Wayahudi na watu weusi. Wabaguzi wa kweli walikuta chombo kimeshanolewa wakakichukua. Septemba 2016, katika joto la uchaguzi wa Marekani, taasisi ya Anti-Defamation League ilimwingiza Pepe katika orodha ya alama za chuki, huku ikieleza kwamba matumizi mengi ya chura huyo hayakuwa ya kibaguzi.

Tuitazame safari hiyo kwa utulivu. Hakuna hatua hata moja ambapo Furie alifanya kosa la kuufikisha mchoro wake kwa Wanazi. Wala hakuna hatua ambapo umati usio na sura ulifanya jambo hilo kwa mpigo mmoja. Aliyemkata chura kutoka kwenye kibonzo alimwondolea wenzake watatu, chumba chao na mzaha wao, na kilichobaki ni uso mtupu, na uso mtupu hupokea maneno yoyote. Aliyemchora na huzuni aliongeza kitu kidogo. Aliyemvisha alama ya Wanazi kwa mzaha aliongeza kingine, akijiambia kwamba wenzake wanaelewa kuwa ni mzaha. Wa baada yake hakuwa akitania. Picha zao zilikuwa sawasawa, na mtazamaji hakuwa na njia ya kumtenga mmoja na mwenzake. Kanga ilikuwa na kinga dhidi ya jambo hili, kwa kuwa mvaaji ana uso na mtaa unamjua. Meme husafiri bila mvaaji, na kila anayeipokea huiona kana kwamba imevaliwa na yule aliyemtumia.

Furie alijaribu kumrudisha chura wake kwa njia zote zilizokuwapo. Oktoba 2016 alishirikiana na taasisi ile ile iliyomworodhesha Pepe, akawahimiza watu wachore picha za Pepe mwema. Haikufua dafu. Mwaka 2017 alichora mazishi ya Pepe, akamlaza katika jeneza wenzake wakimwangalia, na chura akaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyekufa. Kilichofanikiwa kilikuwa kidogo na cha kuchosha, nacho ni kwenda kwa mtu mmoja mmoja na sheria ya hakimiliki mkononi. Mwaka 2017 alizuia kitabu cha watoto kilichomtumia Pepe kueneza chuki dhidi ya Waislamu, na faida yake ikaelekezwa kwa shirika linalotetea haki za Waislamu nchini Marekani. Mwaka 2018 aliishtaki tovuti ya Infowars kwa kuuza bango lenye sura ya Pepe, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola 15,000. Wapo wanaoona kiasi hicho ni cha aibu kwa mchoraji aliyepoteza kiumbe chake. Mimi naona kesi hizo zilionyesha kitu ambacho kampeni nzima haikuonyesha. Sheria haikumrudishia Furie maana ya Pepe, kwa sababu hakuna mahakama inayoweza kuamuru watu waone nini katika uso wa chura. Ilichoweza kufanya ni kumsimamisha mtumiaji mmoja na kumwambia kwamba matumizi haya ni yako, na ulipe.

Mwaka 2019 chura huyo huyo alionekana katika kuta za Hong Kong, amevaa kofia ngumu ya waandamanaji, amefunikwa jicho moja kwa kumbukumbu ya waliojeruhiwa, ameshika kamera kama mwandishi wa habari. Vijana wengi waliomchora hawakuwa na habari za Wanazi wa Marekani. Kwao alikuwa uso unaoweza kulia na kucheka, wanaoutumia katika simu zao kila siku, na sasa umeingia nao barabarani kudai demokrasia. Furie alipopata habari hizo alifurahi. Hapa mtu ataniuliza: kama alama ya chuki imeweza kuwa alama ya uhuru, basi ubaya uko wapi? Si tuache mto upite, mwisho maji yatasafika yenyewe? Jibu langu ni kwamba hayakusafika yenyewe. Waliomsafisha Pepe ni watu wa Hong Kong, kwa kalamu zao na wengine kwa macho yao, kama ambavyo waliomchafua ni watu wa mahali pengine kwa kalamu zao. Na kusafika kule hakukufuta kuchafuka kwa huku. Mwaka ule ule, Myahudi wa Marekani aliyetumiwa sura ya Pepe na mtu asiyemjua hakuwa na sababu ya kufikiria Hong Kong.

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Wakaliga, mtaa wa watu maskini mjini Kampala, ndiko anakoishi Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., mwasisi wa studio iliyopata jina la Wakaliwood. Mwaka 2010 alitengeneza filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, kompyuta ya kuhariri aliiunga mwenyewe, na waigizaji ndio waliozunguka mitaani kuuza nakala. Juu ya filamu kuna sauti ya VJ Emmie, anayetania, anayeshangilia, anayempigia debe kila komando anayepita. Tamthilia, mzaha na fahari ya mtaa vimo humo pamoja. Filamu ilipata wapenzi duniani kote kupitia YouTube, na misemo yake ikaanza kuigwa na vijana wa Ulaya na Marekani wanaocheza michezo ya kompyuta. Kufikia Januari 2018 misemo hiyo ilikuwa imebandikwa kwa kiumbe mfupi mwekundu, aliyechorwa upya kutoka kwa Knuckles, mhusika wa michezo ya kampuni ya Sega, na makundi ya wachezaji waliovaa umbo hilo yakawa yanazagaa katika mchezo wa VRChat. Yaliwazunguka wachezaji wengine, hasa waliovaa maumbo ya kike, yakigonga ulimi, yakiuliza kwa lafudhi ya kubuni iliyodaiwa kuwa ya Kiafrika kama wanaijua njia. Mtengenezaji wa umbo lile aliomba lisitumiwe kuwasumbua watu. Ombi lake halikusikilizwa.

Angalia kilichopotea njiani. Katika filamu, Mganda anawachekesha Waganda kwanza, kisha dunia, na anachocheka ni mwigo wake mwenyewe wa filamu za Hollywood. Katika VRChat, Uganda imebaki lafudhi na mlio wa ulimi. Nabwana hayupo, VJ Emmie hayupo, Wakaliga haipo. Jina la nchi ya mamilioni ya watu likawa kichekesho kwa vijana ambao wengi wao hawakujua kwamba kuna filamu. Wapo waliotetea jambo hili kwa kusema kwamba ni heshima kwa Wakaliwood na limeitangaza. Lakini heshima humtaja anayeheshimiwa. Wabeba jeneza wa Ghana, ambao dansi yao ilizunguka dunia mwaka 2020 wakati wa korona kama ishara ya kifo kinachomjia mtu mzembe, walibaki wakionekana kwa sura na mavazi yao. Ndiyo maana waliweza kusimama mbele ya kamera, kuwashukuru madaktari na kuwaonya watu wakae nyumbani, wasije wakacheza nao. Maana yao ilikuwa imebadilika kabisa, kutoka kumsindikiza marehemu kwa furaha hadi kumtisha aliye hai, na bado walikuwa na pa kusemea. Kiumbe mwekundu hakumwachia Nabwana nafasi hiyo.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko yote, nalo linatoka kwetu. Watafsiri wa filamu, yaani ma-VJ wa Kampala, DJ Afro wa Kenya, na marehemu Lufufu wa Tanzania, walijenga majina kwa kufanya nini, kama si kuchukua filamu za watu wa Hong Kong, India na Marekani na kuzipa maana ambayo watengenezaji wake hawakuiota? Katika vibanda vya video mpiganaji wa Kichina amepewa jina la Kiswahili, ametukanwa kwa lugha ya mtaani, na hadithi imepindishwa mpaka ikafanana na ya Manzese au Eastleigh. Kwa nini muvi zilizotafsiriwa ziwe sanaa na kiumbe mwekundu awe uharibifu? Siwezi kujibu kwa kusema kwamba sisi ni wanyonge na wao ni wenye nguvu, ingawa hilo nalo lina uzito wake. Jibu liko katika kibanda chenyewe. Pale filamu ya asili inapita mbele ya macho ya watazamaji mwanzo hadi mwisho, na sauti ya mtafsiri iko juu yake. Mtazamaji anaviona vyote viwili kwa wakati mmoja, na raha yake inatoka katika pengo lililo kati yao. Anajua nani anasema. Lufufu alijitaja jina. Ndani ya meme iliyokatwa na kukatwa tena, asili imefutwa na msemaji hajitaji, kwa hiyo anayeitazama hana pengo la kulicheka. Amebaki na kitu kimoja tu, na anakidhania ndicho chenyewe.

Kwa sababu hiyo siogopi maana kubadilika. Nani asiyekumbuka kwamba Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Injili ya Luka, aliitwa ashuke kutoka juu ya mkuyu kwa wema, ili mgeni akae nyumbani kwake? Watoto wa Afrika Mashariki wamemwimba katika shule za Jumapili kwa miaka mingi. Wakenya walipoanza mwaka 2023 kumwita Rais William Ruto kwa jina hilo kutokana na kodi mpya, neno lile la kushuka liligeuka. Juni 2024, katika maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, "Zakayo shuka" ilijaza simu, mabango na barabara. Ushushe kodi, ushuke kwenye kiti. Mwaliko umekuwa amri. Hata hivyo kila Mkenya aliyeipiga kelele aliijua hadithi ya asili, na ukali wa msemo ulitokana na kujua huko, kwa sababu Zakayo wa Biblia alipokwisha kushuka aliahidi kuwarudishia watu mara nne alichowadhulumu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais akatangaza kuuondoa muswada. Walioupiga ukelele huo waliubeba kwa sura zao na kwa miili yao. Sioni dhamana kubwa kuliko hiyo.

Najua nikitamka neno dhamana, wapo watakaoshtuka, na wana haki. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote mbili zimewafikisha mahakamani watu walioandika mambo yaliyowaudhi wakubwa. Je, kusema kwamba msambazaji ndiye mwenye maana si kuwapa polisi orodha ndefu zaidi ya watu wa kukamata? Hapana, na nataka lieleweke. Dhamana ninayoizungumzia ni ile ya mtaa na kanga yake, ambapo mtu huulizwa na wenzake. Kipimo chake ni anayeangukiwa na kichekesho na uwezo wake wa kujibu. Rais ana msemaji, ana runinga, ana jeshi la polisi, hivyo kichekesho kikimwangukia hakimzibi mdomo. Mtu aliyepigwa picha kwenye daladala akiwa amelala mdomo wazi hana hata kimoja. Anayemgeuza stika na kuituma katika makundi 12 ndiye mwandishi wa maneno yaliyobandikwa chini yake, hata kama picha aliikuta na maneno aliyakuta. Na asiseme hakujua. Kutojua kunapunguza lawama kwa mara ya kwanza, baada ya hapo ni uzembe, kwani kuuliza picha imetoka wapi hakuchukui muda mrefu kuliko kuituma.

Kampuni za mitandao zenyewe zimeshaonyesha kwamba zinajua mkono unaosambaza una uzito. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha watu au makundi matano kwa kila ujumbe unaosambazwa. Aprili 2020 ikapunguza hadi mtu mmoja au kundi moja kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, na baadaye ikatangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hawakumtafuta aliyetunga, walipunguza kasi ya vidole vyetu. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mwezi Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni mwanzo mzuri, ila hakuna sheria itakayofika kwenye stika za watoto wadogo wa Korea ambazo watu wazima wa Dar es Salaam na Nairobi wanazitumia kila siku kutaniana mambo ya kitandani. Watoto wale hawakutunga chochote. Walipigwa picha na wazazi wao wakicheka au wakilia. Sura zao tunazibeba sisi, na tunayoyasemesha kwa sura hizo ni yetu.

Filamu ya Nabwana iko YouTube tangu mwaka 2015, nzima, bure, pamoja na sauti ya VJ Emmie. Kiumbe mwekundu akikufikia tena katika simu, itazame kwanza, kisha mtumie aliyekutumia.